Sauti ya Zamani Ndani ya Folda Mpya

Nimeacha kazi tangu mwezi uliopita kwa sababu ya macho. Daktari wa Lilongwe aliniambia presha ya jicho imekwisha kula pembeni, na kilichobaki ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Claudine, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijashindwa kuona karatasi. Hakuniomba nieleze nilivyopanda cheo, na ni vizuri, maana katika chumba cha watu watano hakuna ngazi ya kupanda. Naandika Kiswahili cha shule kwa kuwa nilifundisha hesabu kule Fizi, Kongo, miaka mingi kabla ya kukimbia. Watu wengine humu nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Chumba chetu cha kuandikia programu za kompyuta kiko Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, nyuma ya kanisa: matofali ya udongo, bati, kompyuta nne, na betri za sola ambazo wakati wa mawingu zina tabia za mgonjwa. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa nimepita miaka arobaini na mitano. Wenzangu walidhani nimekuja kumtafuta mtoto wangu. Aliyetufundisha alikuwa Mai Mphatso, yaani Mama Mphatso, Mmalawi wa Area 25, mtaa wa Lilongwe, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, aliyekuja kwa minibasi siku tatu kwa juma. Alikuwa ameandika programu katika maofisi ya mjini mpaka akachoka na maofisi. Kwetu alikuwa mwalimu na mkubwa wa kazi.

Siku ile ya kwanza hakuniruhusu kugusa kibodi. Alinipa brashi ya kupakia rangi, akanifungulia kompyuta moja baada ya nyingine, nikafagia vumbi jekundu kwenye feni mpaka saa sita. Brashi ile nimeitumia miaka yote. Waambieni wanaokuja: nusu ya magonjwa ya kompyuta za Dzaleka ni vumbi, na vumbi haliko kwenye vitabu.

Mchana aliniuliza programu ni nini. Nikamjibu kwa fahari ya mwalimu wa hesabu kwamba ni maagizo yaliyopangwa. Tuliongea Chichewa, changu kibovu, chake cha haraka. Alisema, akiniita Bambo, yaani bwana:

"Hiyo ni nusu, Bambo Elia. Na mizigo yake?"

Akanieleza jambo ambalo ndilo lililokuwa kazi yangu hadi mwisho. Programu haisafiri peke yake. Ina picha zake, maneno yake, sauti zake, majedwali yake. Vitu hivyo haivimezi, inavifungua pale inapokuwa inafanya kazi. Sisi tunaviandaa kwenye folda tunayoiita chanzo. Tukishaagiza kompyuta ijenge programu, zana ya kujengea inatengeneza folda nyingine, tunaiita bildi, na humo ndani lazima ziwekwe nakala za ile mizigo, kando ya programu. Anayepelekewa kazi anapelekewa bildi. Chanzo hakiendi popote. Ukirekebisha chanzo na nakala ikabaki ya zamani, umejirekebishia mwenyewe tu.

"Usiamini chanzo," alisema. "Fungua bildi. Tazama kwa macho yako, sikiliza kwa masikio yako. Halafu ndiyo useme kazi imekwisha."

Niliandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Mi ni mtu wa kupiga mistari.

Kesi ya kwanza iliyonipata ilikuwa ya kanisa moja lililotaka programu ya kuonyesha matangazo ukutani. Mchungaji wao aliondoka kwa ugomvi, akaja mwingine, wakatuomba tubadilishe picha. Nilibadilisha kwenye chanzo, nikajenga, nikapeleka. Jumapili, mbele ya waumini wote, ukuta ukaonyesha uso wa mchungaji aliyeondoka, anatabasamu, na chini yake maneno: Karibuni nyumbani. Baadhi ya watu walipiga makofi. Wazee wa kanisa hawakupiga.

Sababu ilikuwa rahisi, nayo naieleza polepole maana inarudi mbele. Amri ya kunakili mizigo nilikuwa nimeifunga kwenye mkia wa kazi ya kujenga. Zana ile ina akili ya mtu mvivu: kama maagizo ya programu hayakubadilika, inasema hakuna la kufanya, inalala, na amri ya mkiani inalala nayo. Nilikuwa nimebadilisha picha tu, sikugusa neno hata moja la maagizo. Kwa hiyo haikuamka. Dawa yake ni kuipa kila faili ya mzigo kanuni yake yenyewe, ili zana ilinganishe chanzo na nakala, na chanzo kikiwa kipya inakili, hata kama programu haijaguswa.

Siku ile sikuiandika kanuni hiyo. Nilinakili picha kwa mkono, nikapeleka tena, nikaomba radhi. Nikasema kanuni nitaiweka kesho. Nilikuwa na kazi nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa na nyingine nyuma yake. Karibu mwaka ulipita.

Ndipo ikaja kazi ya kliniki. Ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi huko Kawale, mtaa wa Lilongwe, na watu wetu wengi waliokuwa wakifanya biashara mjini walitibiwa pale. Muuguzi alikuwa Mmalawi, mwanamke mwema, hajui Kiswahili. Alikuwa akionyesha vidole: viwili asubuhi, viwili jioni. Tukamtengenezea programu: anachagua dawa, anabonyeza, na spika inamwambia mgonjwa kwa Kiswahili namna ya kuimeza. Kila dawa ilikuwa na faili yake ya sauti.

Sauti ilikuwa ya Mama Zawadi. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Uvira, mwimbaji wa kwaya, na maneno yake yalitoka kinywani yakiwa yamenyooka kama mshono wake. Alirekodi mle chumbani kwetu, amejifunika blanketi kichwani ili mlio wa bati usiingie. Alikuwa akitoka humo anatiririka jasho, anacheka.

"Mwalimu, mukiniua humu, mutaandika nini kwa karatasi yangu? Alikufia mu blanketi?"

Maneno ya kusoma nilimwandikia mimi, kutoka kwenye orodha ya Kiingereza ya muuguzi. Kwenye dawa moja ya maumivu ya viungo niliandika: kidonge kimoja kila siku. Alisoma kama nilivyoandika. Baada ya majuma mawili, dawa hiyo ikiwa bado haijaanza kutolewa pale, alirudi ameshika ile orodha, kidole juu ya mstari.

"Hapa iko 'weekly'. Weekly si njo kila juma?"

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Jicho langu lilikuwa limeteleza hadi mstari wa juu yake. Nikamwambia ni kosa langu, si lake. Hakungoja. Alichukua blanketi, akarekodi upya: kidonge kimoja, mara moja tu kwa juma. Nikaiweka sauti mpya mahali pa ile ya kwanza, kwa jina lilelile, tukaisikiliza pamoja kutoka kwenye chanzo.

"Ile ya mbele, ya kwanza, mufute kabisa," alisema.

"Imefutika, mama."

Alipotoka nikaagiza kompyuta ijenge. Ilimaliza kwa sekunde mbili: hakuna la kufanya. Nilifurahi, maana betri ilikuwa inaelekea kukata. Nikanakili bildi kwenye flashi, nikampa Mai Mphatso, aliyekuwa mlangoni na mkoba wake begani, macho yake barabarani.

"Umefungua bildi? Umesikiliza?"

"Nimesikiliza."

Nilikuwa nimesikiliza, lakini kwenye chanzo. Nilijiambia kwamba si uongo. Akaenda nayo Kawale.

Papa Asumani nilimjua. Alikuwa Mwislamu wa Kindu, akiuza vitenge karibu na soko la Old Town, mtu wa kukuwekea kiti na chai kabla hujasema unatafuta nini. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungoni hata mkasi ulikuwa unamshinda, mke wake Mama Hawa akawa anamkatia vitambaa. Hospitali walimwandikia ile dawa, akaenda kuichukua kwenye kliniki ya Kawale. Muuguzi alibonyeza. Mama Hawa alinisimulia baadaye kwamba mume wake aliomba ibonyezwe mara ya pili, si kwa kuwa hakusikia, ila kwa furaha ya kusikia mashine ya Malawi inamsemesha Kiswahili.

Alimeza kila siku, kwa uaminifu. Siku ya nane kinywa chake kilianza kuchubuka. Siku ya kumi uji haukupita. Ikaja homa, wakampeleka hospitali, na siku ya tatu ya kulazwa akafariki. Daktari alipomuuliza Mama Hawa dawa ilimezwa vipi, alisema kila siku, kama sauti ya Mama Zawadi ilivyosema. Kila mtu wa Dzaleka aliyekuwa anaishi mjini aliijua sauti hiyo kutoka kwaya. Bahasha ya vidonge ilikuwa na maandishi ya muuguzi, sahihi kabisa, kwa Kiingereza: kimoja kwa juma. Papa Asumani alisoma Kiarabu na Kifaransa kidogo.

Mai Mphatso alikuja siku ambayo haikuwa yake. Alituita wawili, mimi na Mama Zawadi, akafunga mlango.

Mama Zawadi alianza kabla hajaulizwa. "Mi nilisema juma. Nilisema mara moja tu kwa juma. Mwalimu alikuwa hapa. Mwalimu, sema!"

Nikasema, "Ni kweli tulirekodi upya. Labda faili zilichanganyika."

Mai Mphatso aliuliza kwa upole, "Lakini ulisikiliza bildi, Bambo Elia?"

Nilitazama kibodi. Niliitika kwa kichwa. Hakuna aliyesema kwamba Mama Zawadi alikosea mara ya pili, wala hakukuwa na haja ya kusema. Alichukua mtandio wake akatoka.

Walipokwisha kuondoka nilifungua folda ya bildi. Faili ile ilikuwa na tarehe ya siku ya kwanza. Nikabonyeza. Kidonge kimoja kila siku, ilisema, kwa sauti nzuri iliyonyooka. Nikaifunga. Nikafagia feni.

Nilikaa kimya siku tisa. Nataka muisome vizuri namba hiyo, nyinyi mnaobaki, kwa sababu mtakutana na watu watakaowaambia kwamba Mwalimu Elia alikuwa mtu mnyofu. Siku tisa nilikula nsima yangu, ugali wa huku, na kulala. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na yote yalikuwa na hesabu nzuri: mtu amekwisha kufa, nikisema hatafufuka, nikifukuzwa wajukuu watakula nini. Huku nje watu walikuwa wanamwendea Mama Zawadi kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa. Kwaya ilimwomba apumzike kidogo. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanampita tu.

Siku ya tisa nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Yeye alikuwa mbele, anapampu. Watoto watatu waliokuwa wanacheza karibu walianza kuimba, wakiiga sauti ya spika: "Kidonge kimoja kila siku! Kidonge kimoja kila siku!" Mama mmoja akawakemea, lakini alikuwa anaficha kicheko. Mama Zawadi hakugeuka. Aliendelea kupampu, na ndoo yake ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagika miguuni kwake, yeye anapampu.

Niliacha dumu langu palepale, nikapanda minibasi kwenda Area 25 bila kibali cha kutoka kambini. Mai Mphatso alikuwa anaanika nguo. Nilimwambia yote nimesimama: mkia wa amri, kesho ya mwaka mzima, na neno lile la mlangoni. Aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha.

"Nikikufukuza," alisema, "nitamchukua mwingine, naye atakosea hivyo hivyo. Kwa hiyo sikufukuzi. Usidhani ni huruma." Halafu akasema, "Kesho usiwashe kompyuta. Nenda kwa Zawadi, nenda kwa mjane. Kliniki na hospitali twende sote, nitasema mimi kwanza, maana kazi ni yangu, halafu utasema wewe."

Mama Zawadi nilimkuta kwenye cherehani, hana kitambaa chochote juu yake, anatia mafuta tu. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya gurudumu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua siku ileile."

"Siku tisa, Mwalimu. Siku tisa mi najiuliza kama kichwa yangu ilipotea. Usiku najisikiliza, nasema: Zawadi, ulisema juma ao ulisema siku? Mpaka nikaanza kuamini ni mimi." Akazungusha gurudumu kidogo. "Mume wangu hakunigombeza. Alinihurumia. Unajua iko mubaya namna gani, kuhurumiwa kwa kitu haukufanya?"

Nilimwambia nitasema kanisani mbele ya watu. Alijibu, "Utasema. Na sauti yangu mutoe. Yote. Hata ya panado."

Kwa Mama Hawa, Kawale, niliingia na kofia mkononi. Alikuwa bado kwenye eda, amekaa kwenye mkeka, ndugu wa mume wake mlangoni. Nilisema habari yangu kwa Kiswahili chepesi, bila folda, bila zana: sauti sahihi ilikuwepo, mimi nikaleta ile ya zamani, nikadanganya kwamba nimesikiliza. Yule ndugu alisimama. Mama Hawa alimfanyia ishara akae.

"Unataka nikwambie nini?" aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Hata mi sijui." Alinyoosha ukingo wa mkeka. "Alikuwa anameza saa moja kamili. Alikuwa ananiambia: Hawa, leta maji, yule mama amesema."

Nilikaa mpaka ndugu akanionyesha mlango.

Kliniki na hospitali waliandika maelezo yetu. Ndugu wa marehemu hawakutaka polisi. Jumapili nilisimama kanisani, nikasema yote.

Sauti za Mama Zawadi nilizifuta kwenye chanzo, na hapo nikajifunza la mwisho: ukifuta kwenye chanzo, nakala kwenye bildi haifutiki yenyewe, na iliyoko kwenye kompyuta ya mteja ndiyo kabisa. Hakuna zana iliyonikumbusha. Nilikwenda Kawale mwenyewe, nikafungua folda pale kwa muuguzi, nikafuta faili moja moja, nikabonyeza kila dawa ili nisikie kimya. Dawa arobaini na tatu, kimya arobaini na tatu. Muuguzi aliniuliza, "Na sasa nani atawaambia?" Kulikuwa na mama wa Bukavu anangoja na mtoto mgongoni. Nikamwambia mimi, kwa mdomo, nikamfanya arudie maneno yote mpaka akaudhika. Tangu hapo nilikuwa naenda kila Jumanne kutafsiri, mpaka serikali ilipowaamuru wakimbizi wote warudi kambini na watu wetu wakaisha Kawale.

Kanuni niliiandika, bila shaka. Iko kwenye kila kazi yetu sasa, Claudine anaijua: kila faili na kanuni yake, folda ya bildi inafutwa yote kabla ya kujenga kitu cha kupeleka, na programu inakataa kuwaka kama mizigo yake hailingani na orodha iliyopimwa siku hiyo. Hatulinganishi kwa saa peke yake, maana kompyuta yetu moja ilikuwa na betri ya ndani iliyokufa, na umeme ukikatika ilirudi miaka mingi nyuma, faili mpya ikaonekana ya zamani. Tunalinganisha yaliyomo. Kanuni nzima ni mistari kumi na mmoja. Kuiandika kulinichukua muda wa kunywa chai, na chai ilikuwa bado ya moto.

Mama Zawadi alirudi kwenye kwaya baadaye, lakini hakurekodi tena, hata kwenye simu akiombwa ujumbe wa sauti anakataa. Aliondoka na familia yake kwenda ng'ambo miaka michache iliyopita. Siku ya kuondoka alipitia watu wa mtaa kuwaaga, nyumba kwa nyumba. Kwangu alisimama uani, akaniambia nimsalimie mke wangu, ambaye alikuwa amesimama kando yangu; mimi mwenyewe hakuniaga.

Mai Mphatso aliugua figo na kufa. Nilikwenda msibani Area 25. Watoto wake hawakunijua, nikakaa na majirani.

Mama Hawa alihamishwa pamoja na wengine, na sasa anaishi hapa Dzaleka, upande wa soko. Anauza mandasi, maandazi ya huku, asubuhi. Huwa nanunua mawili. Sasa kwa kuwa siwaoni watu mpaka wawe mbele kabisa, yeye ndiye anayeanza: "Karibu, Mwalimu, shika kwa mkono wa kuume, iko moto." Ananifungia kwenye karatasi. Hajawahi kusema amenisamehe, nami sijawahi kumuuliza. Nashika karatasi, nasema zikomo, asante ya Kichewa, naenda zangu taratibu, nikipapasa ukuta.